Wastawishaji binafsi wa nyumba wapewe fedha za umma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Kenya, ambako kila mwenye mshahara anakatwa ushuru wa nyumba na ana haki ya kujua unaishia mfukoni mwa nani. Pale ambapo mfano wa nchi nyingine unafaa, tumeutaja.

Fedha za kuchochea uchumi ni zipi, na zimewahi kumfikia mstawishaji binafsi?

Ni fedha za umma zinazotolewa ili kuamsha biashara na ajira. Mipango miwili mikubwa ilibeba jina hilo waziwazi. Wa kwanza ni wa mwaka wa fedha 2009/2010, shilingi bilioni 22 zilizogawanywa katika maeneobunge 210 ya wakati ule: masoko, shule, vituo vya afya, mabwawa ya samaki. Wa pili ulitangazwa Mei 2020 korona ilipobana, shilingi bilioni 53.7. Mstawishaji wa nyumba hakuwa mlengwa wa ule wa 2009 wala wa 2020.

Leo anafikiwa kwa mlango mwingine, yaani mpango wa nyumba za bei nafuu. Serikali inautetea kwa hoja zile zile za kuchochea uchumi: kazi kwa vijana, soko la milango na madirisha ya mafundi wa jua kali, mzunguko wa pesa mitaani. Basi na upimwe kwa kipimo hicho hicho. Na msamaha wa kodi tunauhesabu kuwa fedha za umma, kwa sababu shilingi ambayo Mamlaka ya Mapato (KRA) haikuikusanya ni shilingi ambayo hospitali haikuipata.

Ushuru wa nyumba hukatwa vipi?

Mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato, na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Mwenye mshahara wa 40,000 hukatwa 600, mwajiri wake hutoa 600 nyingine, jumla 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka. Pesa zinatakiwa kuwasilishwa KRA ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kwisha. Mwajiri akichelewa, hutozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi.

Historia yake ina kona. Jaribio la 2018 lilikwama mahakamani. Sheria ya Fedha ya 2023 iliurudisha kuanzia Julai, Mahakama Kuu ikaubatilisha tarehe 28 Novemba 2023, na Mahakama ya Rufaa ikakataa Januari 2024 kuruhusu makato yaendelee. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini 19 Machi 2024. Kasoro iliyowahi kutajwa, kwamba wenye mishahara pekee ndio walibebeshwa mzigo, ilirekebishwa kwa kuwaingiza pia wenye mapato yasiyo ya mshahara. Oktoba 2024 Mahakama Kuu iliiacha sheria hiyo isimame.

Mstawishaji anazipataje hizo pesa?

Kuna njia kadhaa, na hazifanani kwa hatari.

Ya kwanza ni kandarasi ya kawaida: ardhi ni ya umma, nyumba ni za umma, kampuni inajenga na kulipwa kwa kazi iliyopimwa. Hapa kampuni haipewi ruzuku, inauza kazi. Park Road, Ngara, wenye nyumba 1,370, ndio mradi wa mwanzo uliojulikana sana wa mtindo wa ardhi ya serikali.

Ya pili ni ubia: kaunti inatoa ardhi, mstawishaji analeta mtaji, nyumba zinagawanywa au kuuzwa kwa bei walizokubaliana. Pangani jijini Nairobi na Buxton kule Mombasa ni miradi ya aina hii. Ruzuku imo ndani ya ardhi, na kwa kuwa hakuna hundi iliyoandikwa, wananchi wengi huamini hakuna kilichotolewa.

Ya tatu ni ahadi ya kununua. Mstawishaji anajenga kwa mkopo wa benki, na serikali inaahidi kwa maandishi kuzichukua nyumba zikikamilika. Benki ikiiona ahadi hiyo hulegeza masharti, kwani hofu yake kubwa ni nyumba kukosa wanunuzi.

Ya nne ni kodi. Kenya iliweka kiwango cha asilimia 15 badala ya 30 kwa kampuni inayojenga angalau nyumba 100 kwa mwaka, pamoja na nafuu ya VAT kwa vifaa vya miradi iliyoidhinishwa na msamaha wa ushuru wa stempu kwa anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango. Vifungu hivi huguswa karibu kila Muswada wa Fedha, hivyo soma sheria ya mwaka husika kabla ya kupiga hesabu.

Ya tano ni mkopo wa riba nafuu. KMRC, kampuni ya kugharimia mikopo ya nyumba iliyoanza kazi 2020, haimkopeshi mstawishaji. Huzipa benki na SACCO fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wanunuzi. Ruzuku inapitia kwa mnunuzi, ingawa mstawishaji naye hunufaika kwa kupata wateja.

Jibu fupi: wapewe au wasipewe?

Walipwe kwa nyumba, kwa mtaro wa majitaka, kwa barabara iliyokamilika. Wasipewe kwa kuwa kampuni inayumba, wala kwa ahadi ya kwamba bei itashuka. Mkataba ukiwa hauonyeshi umma unabaki na nini, iwe ni bei iliyofungwa, hisa, ardhi inayorudi au nyumba zenyewe, hiyo ni zawadi hata ikiitwa uwekezaji.

Kwani riba nafuu haimpunguzii mnunuzi bei?

Tupige hesabu ya mfano. Mradi una nyumba 200, mkopo wa ujenzi ni shilingi milioni 300, riba asilimia 16, muda miezi 24. Mkopo huchukuliwa kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wastani nusu yake ndiyo inayolipiwa riba: milioni 150 mara asilimia 16 mara miaka miwili, ni milioni 48. Hiyo ni 240,000 kwa kila nyumba.

Serikali ikifidia riba mpaka ifike asilimia 8, mzigo unashuka hadi 120,000 kwa nyumba. Kwa nyumba ya milioni 2.5, umma umetoa milioni 24 ili kupunguza bei kwa chini ya asilimia 5, tena ikiwa mstawishaji ataamua kuipunguza. Soko likiwa na wateja wa kutosha kwa milioni 2.5, hana sababu ya kuuza kwa 2.38. Zile 120,000 zinakuwa faida yake. Ndiyo maana kifungu cha bei ya juu kabisa lazima kiwe kwenye mkataba ule ule wa ruzuku, si kwenye hotuba ya uzinduzi.

Angalia tena: mradi ukichelewa mwaka mmoja, riba ya ziada inameza nafuu yote. Mara nyingi kibali kinachotoka kwa wakati humsaidia mnunuzi kuliko ruzuku ya riba, na serikali hailipii chochote.

Ardhi ya umma ikitolewa bure, nani anapoteza?

Hapa ndipo pesa nyingi zaidi hupotea, na kimya kimya.

Ardhi ikiingizwa kwenye ubia hupewa thamani, na thamani hiyo hugeuka kuwa asilimia ya umiliki. Anayeleta ardhi hutaka ithaminiwe juu, anayeleta fedha hutaka ishuke. Ardhi ikiwa ya kaunti na mthamini amelipwa na mstawishaji, kaunti hujikuta na asilimia ndogo ya mradi ulio katikati ya mji.

Mambo huenda kombo kwa upande wa pili pia. Tanzania ina mfano unaojulikana: mji wa Dege, Kigamboni, ambapo mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF uliingia ubia na kampuni binafsi kujenga nyumba 7,460. Mfuko ulikuwa na asilimia 45, mwenzake 55, na sehemu ya mchango wa mwenzake ilikuwa ardhi. Thamani iliyowekewa ardhi hiyo ilihojiwa kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ujenzi ulisimama 2016, maghorofa yakabaki magofu na akiba ya wanachama ikiwa ndani yake.

Kinga si ngumu. Wawepo wathamini wawili, mmoja akiteuliwa na upande wa umma, na tofauti yao ikizidi kiwango kilichokubaliwa aitwe wa tatu. Ardhi ikodishwe kwa miaka maalum badala ya kuhamishwa moja kwa moja. Na kiwepo kifungu kinachosema mradi usipofikia hatua fulani kufikia tarehe fulani, ardhi inarudi bila fidia ya faida iliyotarajiwa.

Malipo yafuate hatua zipi ili pesa isipotee?

Kabla ya shilingi ya kwanza: hatimiliki ipekuliwe kwenye ofisi ya ardhi (Nairobi hufanyika kwa Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa ardhi), michoro iwe na idhini ya kaunti, leseni ya mazingira ya NEMA iwepo, mradi uwe umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Nyaraka moja ikikosekana, mradi hauko tayari hata kama tingatinga liko kiwanjani.

Malipo ya awali: sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu yasizidi asilimia 20 ya bei ya zabuni, tena kwa dhamana. Dhamana hiyo iwe ya benki na ilipwe mara inapodaiwa. Kosa la kawaida liko kwenye tarehe: dhamana inaisha baada ya miezi 12, ujenzi unachukua 30, na hakuna aliyekumbuka kuihuisha. Siku mkandarasi anapotoweka, karatasi haina thamani.

Malipo ya kila mwezi: mkadiriaji wa gharama hupima kazi iliyofanyika, hutoa hati, na kwa kawaida asilimia 10 ya kila hati huzuiliwa hadi mwisho. Zipo hila mbili za kuangalia.

Hila ya kwanza ni kupandisha bei za mwanzo. Kwenye BQ, yaani orodha ya vipimo vya kazi na bei zake, mstawishaji huweka bei kubwa kwa uchimbaji, msingi na zege, kisha akaweka bei ndogo kwa vigae, rangi, mabomba na nyaya. Jumla inaonekana sawa na zabuni inashinda. Jengo likifika ghorofa ya mwisho bila plasta, ameshalipwa sehemu kubwa ya fedha, na kazi iliyobaki inamtia hasara. Anaondoka. Dawa yake ni kulinganisha bei ya kila kipengele na bei za soko kabla ya kutia saini. Jumla pekee haitoshi.

Ya pili ni vifaa vilivyoko kiwanjani. Mkataba huruhusu kudai malipo kwa saruji na nondo zilizoletwa lakini hazijatumika. Nondo zikishahesabiwa na kulipiwa, lori linazipeleka kwenye mradi mwingine. Mkaguzi awe na daftari la kuingia na kutoka, na madai ya vifaa yawe na ukomo.

Mabadiliko ya kazi: sheria hiyo hiyo hairuhusu nyongeza zote kwa pamoja kuzidi asilimia 25 ya bei ya awali. Mradi unaokaribia kiwango hicho mapema kwa kawaida ulianza na michoro mibovu.

Mwisho: kaunti itoe cheti cha kuruhusu watu kuhamia, nusu ya fedha zilizozuiliwa ilipwe, nyingine ingoje kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Hapo ndipo paa huvuja na bomba la ghorofa ya tatu hupasuka, kwa hiyo usikubali kipindi hicho kifupishwe hadi kisiguse msimu wa mvua.

Pesa za umma zikichanganywa na mkopo wa benki, nani hulipwa kwanza mradi ukifa?

Benki. Hati ya ardhi imewekwa rehani kwake, na umma ukija baadaye unasimama nyuma. Jengo likipigwa mnada, benki inachukua chake, na mara nyingi hakuna kinachobaki.

Ndiyo maana fedha za umma ziingie kwenye akaunti maalum ya mradi, yenye saini ya mwakilishi wa umma, na zisitoke bila hati ya mkadiriaji. Pia benki itie saini makubaliano kwamba, kabla ya kuuza, itaipa serikali nafasi ya kuukamilisha mradi au kumleta mstawishaji mwingine. Benki huvikataa vifungu hivi mwanzoni, kisha huvikubali ikiona ahadi ya ununuzi iko mezani.

Nchi nyingine zilipopata msukosuko zilifanyaje?

Marekani, 2009. Nyumba za kupanga kwa bei nafuu kule hujengwa na kampuni binafsi zinazouza punguzo la kodi ya mapato kwa wawekezaji, mfumo ulioanzishwa 1986. Mgogoro wa fedha ulipopiga, wanunuzi wakubwa wa punguzo hilo, yaani Fannie Mae na Freddie Mac (mashirika ya kugharimia mikopo ya nyumba) na mabenki, walijiondoa, na miradi iliyokwisha idhinishwa ikakosa mtaji. Sheria ya kuchochea uchumi ya Februari 2009 ilileta tiba mbili. Majimbo yaliruhusiwa kurudisha punguzo lisilouzika na kupewa senti 85 taslimu kwa kila dola, na kando yake ukawekwa mfuko wa dola bilioni 2.25. Mfuko huo ulikuwa na saa: asilimia 75 iwe imeahidiwa ndani ya mwaka, na yote itumike ndani ya miaka mitatu. Kwa fedha za kubadilisha punguzo, mwenye jengo aliyekiuka masharti ya pango nafuu ndani ya miaka 15 alitakiwa kurudisha. Fedha hizo zilimwendea mstawishaji binafsi, lakini zilifungwa kwa jengo, kwa tarehe na kwa pango la mpangaji.

China nayo, 2022, makampuni makubwa yalipokwama na watu wameshalipia nyumba ambazo hazijaisha, ilitoa mikopo maalum ya kukamilisha majengo hayo. Mei 2024 benki kuu yake ikatangaza yuan bilioni 300 za kuwezesha mashirika ya serikali kununua nyumba zilizokosa wateja. Evergrande yenyewe haikuokolewa. Mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe Januari 2024. Aliyenunua alilindwa kwa namna fulani, mwenye hisa hakulindwa. Mpaka huo ndio wa kuigwa, ingawa China ilichelewa kuuchora.

Kampuni kubwa ikikaribia kufilisika, na ina wafanyakazi wengi, isisaidiwe?

Umaliziwe mradi, na kampuni iachiwe mfilisi. Mafundi wale wale wanaweza kuajiriwa na atakayemalizia.

Ujenzi kweli huleta kazi haraka?

Inategemea umefika wapi. Mradi unaoanza kutoka kiwanja kitupu unaweza kumaliza mwaka mzima kwenye vibali, upekuzi wa ardhi na kesi, wakati uchumi unahitaji pesa sasa. Jengo lililosimama likiwa na kuta tu, likiwa na hati safi, huajiri ndani ya wiki chache: plasta, vigae, mabomba, umeme, milango, rangi ni kazi za mikono mingi. Nguzo na sakafu za zege hula zaidi nondo na saruji.

Halafu kuna pesa inayovuja nje. Lifti huagizwa kutoka ng'ambo, vivyo hivyo vifaa vingi vya umeme na sehemu ya malighafi za chuma. Jengo la ghorofa nne lisilo na lifti huacha shilingi nyingi zaidi mtaani kuliko mnara wa ghorofa ishirini. Kuhusu jua kali, agizo la milango lina maana pale tu vipimo vinapokuwa vya aina moja na malipo yanapofika kwa wakati. Fundi wa soko la Gikomba hawezi kungoja miezi sita kulipwa milango 50, na akilazimishwa kungoja atauza nafasi yake kwa dalali mwenye mtaji. Hata hivyo, kazi hiyo itahesabiwa kwenye ripoti kuwa ya jua kali.

Jambo jingine linalosahaulika: fedha zilizokusanywa zikikaa hazichochei chochote. Sehemu ya ushuru wa nyumba iliwahi kuwekezwa kwenye hati za muda mfupi za serikali kwa sababu miradi haikuwa tayari kuzipokea.

Wapangaji wa zamani wanaoondolewa wanapata nini?

Pangani kulikuwa na familia 48 kwenye nyumba za kaunti, na zilipewa kipaumbele kwenye nyumba mpya. Kanuni nzuri ni hii: majina yaorodheshwe na kubandikwa kabla ya ubomoaji, pesa za kuhamia na kodi zilipwe kabla ya tingatinga, na haki ya kurudi iandikwe kwenye barua ya kila mpangaji ikitaja ukubwa wa nyumba na bei. Familia iliyokuwa na vyumba viwili ikirudishwa kwenye chumba kimoja, imepunjwa hata kama sakafu ina vigae.

Nyumba hizi humwendea nani, na tajiri atazuiwaje kuzinunua?

Sheria ya 2024 inagawa kwa mapato ya mwezi: chini ya shilingi 20,000 ni nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, na zaidi ya hapo ni za tabaka la kati. Maombi hupitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya mpango huu. Mnunuzi hawezi kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.

Kifungu hicho kinasaidia, ila hakizuii mtu kununua kwa jina la shemeji na kupangisha. Kinachofanya kazi ni ukaguzi wa nani anaishi humo, ufanywe bila taarifa, na mstawishaji mbia asiruhusiwe kuuza sehemu ya umma kupitia mawakala wake mwenyewe.

Nitajuaje mradi wa mtaani kwetu una masharti gani?

Omba nyaraka. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki hiyo. Andika barua kwa ofisa wa habari wa kaunti au wizara, taja jina la mradi na namba ya zabuni kama unayo, na uombe hivi: mkataba wa ubia, ripoti ya thamani ya ardhi, BQ iliyotiwa saini, hati za malipo zilizolipwa hadi sasa, nakala za dhamana pamoja na tarehe za kuisha, na orodha ya bei za nyumba. Usiombe "taarifa zote kuhusu mradi". Ombi la namna hiyo ni rahisi kukataliwa.

Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja. Ikikataa au ikinyamaza, una siku 30 za kuomba Tume ya Utawala wa Haki iupitie uamuzi huo. Watasema mkataba ni siri ya biashara. Jibu kwamba bei ya jumla, ukubwa wa mchango wa umma na tarehe za dhamana si siri ya biashara, na uombe zilizobaki zifunikwe kwa wino mweusi, ukurasa uliobaki utolewe.